Alkhamisi ya Timu ya Barafu

Nimefanya kazi nyingi maishani, na katika hizo zote ni moja tu iliyonitaka nisimame pahala pamoja. Nilikuwa kipa wa hoki mjini Sur, Oman, mwishoni mwa miaka ya sabini, katika timu ya kiwanda cha barafu. Kwenye karatasi za kiwanda nilikuwa dereva wa lori.

Watu wakituita Timu ya Barafu. Mwenye kiwanda alikuwa mtu wa Sur aliyekulia Unguja, akarudi na mapenzi ya hoki kama wengine walivyorudi na masanduku. Wachezaji aliwaajiri kwa ajili ya magongo tu. Mmoja aliandikwa karani wa ghala, mwengine mtazama mashine, mwengine mlinzi, na mlinzi huyo sikumbuki kumwona akilinda kitu ila nafasi yake upande wa kulia wa kiwanja. Wengi walikuwa watu wa Unguja na Pemba, wawili wametoka Bujumbura, na mmoja Mgoa ambaye alikuwa fundi kweli na mchezaji kweli.

Tulicheza kwenye sabkha, ile ardhi ya chumvi nyuma ya mtaa wetu. Maji ya bahari hupita chini kwa chini, jua likayanyonya, ikabaki ganda jeupe, gumu, lililonyooka kama meza. Mpira ukipigwa juu yake hauna pa kukwama. Tabu yake ni kwamba mpira wa hoki ni mweupe na chumvi ni nyeupe, na katika mechi ya kwanza niliokota mpira wavuni bila kuuona ulipoingia. Baada ya hapo tukawa tunaupaka rangi nyekundu ile wanayopaka matumbo ya majahazi. Haikuwa ikikauka vizuri. Ukimwona mtu sokoni ana mabaka mekundu kwenye miundi, ujue alicheza Alkhamisi.

Skuli niliacha darasa la sita, na tangu hapo kila kitu nimekiuliza njiani. Nilimsumbua yule fundi Mgoa anieleze vipi mashine inayotoa moto inazaa baridi. Akanionyesha mabomba, akanieleza hewa inavyobanwa ikachemka, kisha ikaachiwa ikapoa ghafla.

"Wewe ungekaa skuli," akaniambia.

"Skuli walikuwa hawanijibu."

"Walikuwa hawajui," akasema, akarudi kwenye mashine yake.

Miguu yangu haijui kutulia. Nikilala nyumba moja miezi sita, naanza kuamka alfajiri na kutazama barabara. Lakini pale baina ya milingoti miwili, na mapedi mazito miguuni, kitu kilikuwa kikinyamaza ndani yangu. Sijui kwa nini. Labda kwa sababu golini mtu huwezi kwenda kutazama kuna nini upande wa pili, inabidi ungoje kije. Kwa muda wa saa moja na robo kila Alkhamisi sikutaka kuwa pahala pengine popote, na jambo hilo sijalipata tena kwengine.

Halafu tajiri wetu akafungua kiwanda kikubwa mji mkuu, akaichukua timu nzima, akaacha Sur mashine na watu wa kuziendesha. Kipa huko walikuwa naye. Kapteni wetu, mtu mrefu aliyekuwa akicheza katikati, ndiye aliyeniletea habari.

"Wewe utabaki na lori," akaniambia. "Lori nalo linataka mtu."

Nilivumilia mwezi. Nikaenda Al Kamil nikaziba matairi kando ya njia ya Sur. Nikaenda Wadi Bani Khalid nikafunga mashine za kuvuta maji mashambani, nikakaa mpaka nilipojua kila kisima. Nikaenda Ibra, nikamchukua mama. Kisha Nizwa, nikamchukua tena. Nizwa nilipaka rangi milango ya chuma, nikauza vipuri, nikaendesha gari la maji. Mwaka wa pili mama alikunja godoro lake mwenyewe, akalifunga kamba.

"Narudi Sur," akasema. "Wewe ukitaka kuzunguka, zunguka. Lakini godoro hili likifika halipandi gari tena."

"Sur sina kazi, mama."

"Nina jirani wa kupika naye na kuzungumza naye. Kazi ni yako kutafuta."

Nikampeleka. Nilikuwa najiandaa kurudi Nizwa peke yangu pale Kapteni alipokuja nyumbani, anachechemea. Goti lake lilikuwa limekwisha. Mama alimpa kiti, yeye akamwamkia, "Shikamoo bibie," akakaa na mguu kaunyoosha katikati ya chumba.

Akatueleza. Tajiri ameichoka timu ya huko. Mji mkuu una timu kumi, hakuna anayekuja kuitazama ya kwake, na Sur mtaa mzima ulikuwa ukitoka. Yuko tayari kuirudisha, wachezaji wote, na yeye Kapteni awe mwalimu wao. Sharti lake ni moja. Ile sabkha watu wameanza kuitaka kujengea, na mwenye kauli juu yake ni sheikh wa mtaa. Sheikh akisema kiwanja kiachwe, timu inarudi. Asiposema, hairudi.

"Na kipa?" nikauliza.

"Kipa wa huko hataki kusikia habari ya Sur. Goli ni lako."

Mama alikuwa akichambua mchele. "Ikirudi utakaa?" akaniuliza mbele ya mgeni.

"Nitakaa."

"Isiporudi?"

"Sijui."

"Unajua," akasema, akaendelea na mchele.

Wiki mbili zile Sur ilizungumza habari hiyo tu, au mimi sikusikia nyengine. Kwa kinyozi, mtu mmoja akisema mji usio na timu ni mji wa kulala. Wa pili akimwambia timu ile haikuwa ya mji, ilikuwa ya Wazinjibari na magongo yao yaliyopinda, na sisi watu wa Sur tulikuwa tukienda kuwatazama kama mtu anavyotazama harusi ya jirani asiyemwalika. Nilinyolewa hapo siku moja, kinyozi akaniuliza naonaje. Nikasema irudi. Akacheka. "Wewe kipa, unategemewa useme nini?" Nilitoka nikazunguka mji mara mbili, nikaenda mpaka kwenye sabkha, nikasimama pale goli lilipokuwa. Milingoti ilikwisha chukuliwa, ya mbao nzuri ile. Nikahesabu hatua kutoka kitu ambacho hakipo kwenda kwenye kitu ambacho hakipo, kisha nikarudi nyumbani.

Siku ya kwenda kwa sheikh tulikuwa watatu. Kapteni, mimi, na Maalim, ambaye alikuwa akifundisha skuli Unguja na sasa anafundisha Sur. Maalim aliandika hotuba ya Kiarabu fasaha, kurasa nne, akaipiga pasi ile kanzu yake mpaka ikasimama peke yake. Mimi nilichukuliwa kwa sababu ya gari, Kapteni hawezi kutembea. Njiani Maalim alikuwa akisoma kimoyomoyo na midomo inacheza.

"Usiseme neno huko," Kapteni akaniambia. "Maalim atasema."

"Na mimi nisalimie?"

"Salimia. Baada ya hapo funga mdomo kama goli."

"Goli halifungwi mdomo, Kapteni, ndiyo maana wakaweka kipa."

Hakucheka. Alikuwa na wasiwasi, na mimi pia.

Sabla ya sheikh, baraza lake la kupokelea watu, ilikuwa chumba kirefu, mikeka na mito ukutani, wanaume kama ishirini. Tuliwapa mkono wote kuanzia kulia, tukakaa, mimi chini karibu na mlango. Wakaulizana habari kwa muda mrefu, kama desturi, na kila habari ikawa njema. Tende zikaja, kisha kahawa. Mmiminaji alianza na Maalim.

Hapa lazima nieleze jambo. Nilipokuwa nikifunga mashine za maji katika mashamba ya Wadi Bani Khalid, nilizunguka na mzee mmoja wa kule, na nikamuuliza sababu ya kila alichokifanya mpaka akanichoka. Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba mtu akija na haja kwa mtu mkubwa, kikombe cha kwanza hakinywi. Anakiweka mbele yake juu ya mkeka. Mwenye nyumba akikiona atauliza, na haja ikikubaliwa atamwambia kunywa. Ukinywa mwanzo, umesema umekuja kusalimia.

Sisi tuliotoka Unguja tumelelewa vyengine. Kwetu mtu akikupa kitu ukakiacha, umemtukana. Mama zetu wametufinya mapaja kwa ajili hiyo. Maalim alipokea kikombe kwa mikono miwili, akanywa, akasifu hiliki. Kapteni akanywa. Wakapewa cha pili wakanywa, wakatikisa vikombe kwa adabu kubwa kuonyesha wametosheka. Nilitaka kuwazuia, lakini chumba kilikuwa kirefu na mimi nimeambiwa nifunge mdomo. Kikombe changu kilipokuja nilikipokea, nikakiweka mkekani.

Sikuwa na ujasiri. Nilidhani tu angalau mmoja wetu afanye inavyopasa.

Maalim akatoa karatasi zake, akasafisha koo. Sheikh akainua mkono kwa upole. Alikuwa mtu mwembamba, sauti ndogo, na yaliyosemwa yote yalisemwa kwa Kiarabu ingawa mimi nayaandika hivi.

"Maalim, wewe na ndugu yako mmetufurahisha kwa kuja kutusalimu," akasema. "Nyumba ni yenu. Lakini yule kijana mlangoni naona kahawa yake inapoa. Yeye ana haja."

Vichwa vyote vikageuka. Maalim akabaki na hotuba mkononi kama mtu aliyefika stesheni gari limeondoka. Kapteni akanitazama, na jicho lake halikuwa zuri.

"Mwanangu, sema," akasema sheikh.

Kiarabu changu nilikiokota gereji na visimani, na hotuba ya Maalim sikuisoma. Nikasema nilichokuwa nacho. Nikasema tunaomba ile sabkha iachwe kiwanja, ili Timu ya Barafu irudi Sur. Nikasema mji huu Alkhamisi jioni umekuwa mtupu, wazee wamekaa ndani, na vijana wanapanda magari kwenda mji mkuu kutazama walichokuwa nacho wenyewe zamani. Nikasema kwa kinyozi nilimsikia mtu akisema timu haikuwa ya watu wa hapa, na nadhani amesema kweli, kwani hatukumpa hata kijana mmoja wa Sur gongo la kushika, na ikirudi hilo lirekebishwe. Kapteni alikohoa. Hilo hakunituma.

"Ni maneno mazuri," akasema mtu mmoja upande wa pili. "Na mimi niseme?"

Alikuwa mvuvi wa Ras al Hadd, kijiji cha pwani mashariki ya Sur, mtu mzima, ndevu kazipaka hina, amekuja Sur kwa shughuli zake. Sheikh akampa ruhusa.

"Mimi mpira wenu siujui," akasema. "Najua barafu. Siku hizi lori linafika kwetu kila asubuhi, linangoja mashua zirudi, linapakia samaki, linaondoka. Wakati wa timu hiyo, Alkhamisi lori halikuwa likija. Samaki wa Alkhamisi tukiwapasua na kuwaanika mchangani, nguru wazima, kama vidagaa. Wake zetu wakiijua siku kwa harufu. Sasa mnataka Alkhamisi ile irudi."

Watu wakaguna. Kapteni akajibu haraka, kwa Kiarabu chake cha kuvunjika, kwamba lori lilikuwa likiharibika.

"Kila Alkhamisi?" akauliza mvuvi.

Mmoja akacheka, akajikohoza.

Sheikh hakumtazama Kapteni, wala mvuvi. Alinitazama mimi. "Wewe umesema kama mtu aliyekuwapo. Lori lilikuwa likiharibika?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema sijui. Dereva wa wakati ule angeweza kuwa mtu yeyote, na mvuvi hakunitambua, kwani nilipokuwa nikienda kwake nilikuwa na kilemba cha vumbi na ndevu chache. Sabkha ilikuwa karibu kupatikana, nilikuwa nikiiona kwa macho, na mama yangu na godoro lake. Lakini nilikumbuka wale nguru pia. Niliwahi kuwaona, Ijumaa, wamepasuliwa wamelala mstari mrefu ufukweni, na nzi juu yao, nikauliza kwa nini wamewaanika, nami ninayeuliza kila kitu. Mtu akanijibu, "Muulize dereva." Nikaondoka bila kuuliza tena.

"Lori lilikuwa zima," nikasema. "Likiegeshwa nyuma ya goli. Dereva alikuwa mimi, na kipa alikuwa mimi."

Mvuvi akanikazia macho, kisha akaanza kutikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyempata punda wake aliyepotea zamani.

"Basi chezeni Ijumaa," mtu akashauri. Maalim, ambaye kwa sasa alikuwa amezikunja kurasa zake, akaeleza kwamba haiwezekani. Timu za wageni hutoka mbali, njia ni ya vumbi na mawe. Huja Alkhamisi, hulala, huondoka Ijumaa ili wawahi kazini Jumamosi.

"Tajiri ataweka dereva mwengine," akasema Kapteni.

"Hata wakati ule aliweka dereva," akasema mvuvi.

Sheikh akafikiri. Kahawa yangu ilikuwa imekwisha kupoa kabisa, ina ngozi juu. "Mji ukiirudisha timu kwa kuwanyima watu wa Ras al Hadd barafu yao, haujarudisha kitu," akasema. "Umehamisha tu. Nani atanidhaminia lori la Alkhamisi?"

Kapteni akafungua mdomo. Mvuvi akamtangulia.

"Huyu," akasema, akanielekeza kidole. "Dereva wa sasa, Mbaluchi, anarudi kwao baada ya Idi. Huyu ndiye aliyeliegesha. Yeye aliendeshe. Ahadi ya mwengine siitaki."

"Yeye ni kipa wangu," Kapteni akasema kwa Kiswahili, kwangu mimi, polepole. "Mwambie sheikh wewe ni kipa."

Mashua za Ras al Hadd zilikuwa zikirudi baada ya adhuhuri. Kupakia samaki ni saa nzima na zaidi, na njia ile, wakati ule, ilikuwa mashimo matupu. Dereva anayengoja mashua hawezi kufika Sur kabla mechi haijakaribia kwisha. Kila mtu mle ndani aliyewahi kuipita njia ile alilijua hilo. Mimi nililijua kuliko wao.

Sikumtazama Kapteni. "Nitaliendesha," nikamwambia sheikh.

"Kila Alkhamisi?"

"Kila Alkhamisi."

"Kunywa," akasema.

Garini Maalim ndiye aliyekuwa akizungumza mpaka tulipofika kwa Kapteni, anasema desturi hii ya kikombe ilipasa iandikwe mahala, mtu atajuaje. Kapteni aliposhuka alishika mlango, akainama.

"Yakhe, umenipatia timu ukaniibia kipa," akasema. "Nikushukuru vipi?"

"Kesho utakuja kunishukuru. Leo kalaze goti."

Nilimweleza mama. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo unakaa," akasema.

"Nakaa."

"Mbona uso huo?"

Yeye alikuwa ameshapata alichotaka, na mimi nusu.

Timu ikarudi baada ya miezi mitatu. Siku waliyoingia mji ulitoka, hata kinyozi alifunga duka. Kapteni aliwachukua vijana wanne wa Sur kujifunza, kwa kinyongo mwanzoni, na mmoja wao, mtoto wa fundi wa mashua, mikono mirefu, akawekwa golini. Mimi kila Alkhamisi nilikuwa njiani alfajiri, mabonge ya barafu yamefunikwa magunia na turubai nyuma yangu, maji yakidondoka vumbini. Ras al Hadd nilingoja mashua. Sikuweza kukaa. Nilitembea ufukweni kwenda na kurudi, nikiuliza nyavu zinasukwaje, kobe wanatagia wapi, huku nikitazama jua na kuhesabu: sasa wanavaa, sasa wamepuliza filimbi. Yule mvuvi wa hina alinizoea. Akiniona nimegeukia upande wa Sur, alikuwa akisema, "Tulia, bwana, hawatoki na mpira kwenda popote," nami nilikuwa namjibu hajui Kapteni anavyocheza na muda.

Nimeulizwa baadaye, na watu wa Ibra waliotaka timu yao na wao, kama mji urudishe timu iliyokwisha ondoka. Nawaambia ndiyo. Lakini nawaambia kwanza wakaulize vijijini nani atakosa nini siku ya mechi, kwani mjini hawatamsikia.

Alkhamisi moja mashua zilirudi mapema, bahari ilikuwa na samaki wengi karibu. Tulipakia haraka, nikaliendesha lori mbio kuliko lilivyostahili, na nilipoingia Sur filimbi ya mwisho ilikuwa haijapigwa. Nilipeleka samaki kiwandani, nikawaachia wapakuaji, nikakimbia mpaka kwenye sabkha na shati limelowa. Tulikuwa sare. Nikapita nyuma ya watu, nikasimama nyuma ya goli letu, karibu kabisa, jua la jioni mgongoni, pale ninapoweza kuuona mchezo wote ukija. Wapinzani wakapata pigo la kona. Nikajikuta nimepinda magoti.

Yule kijana wa golini aligeuka kidogo, bila kuacha kuutazama mpira.

"Ami," akasema, "jitoe kando. Kivuli chako kimeniingilia, siuoni mpira."

Nikasogea pembeni, hatua tatu, nne, mpaka kivuli changu kikatoka golini. Wakapiga.